Hesabu ya Siku na Kamba ya Kuanikia: Mwongozo wa Hedhi kwa Vijana wa Mbeya na Iringa

Hedhi ni damu inayotoka katika mfuko wa uzazi wa mwanamke na kupitia ukeni, kwa kawaida mara moja kila mwezi, tangu msichana anapovunja ungo hadi mwanamke anapofikia ukomo wa hedhi, ambao kwa walio wengi huja kati ya umri wa miaka 45 na 55. Kiswahili kina majina mengi ya jambo hili, na wingi huo unaonyesha jinsi wazungumzaji wake walivyozoea kulizunguka kwa tahadhari: husemwa kwamba mwanamke yuko mwezini, yuko katika siku zake, au kwamba msichana amekuwa mwali. Neno hedhi, lenye asili ya Kiarabu, ndilo linalotumika zahanati, darasani na msikitini, na ndilo litakalotumika katika mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya vijana wa kike na wa kiume wa mikoa ya Mbeya na Iringa, pamoja na wazazi na walimu ambao huulizwa maswali na vijana hao na wakati mwingine hukosa pa kuanzia.

Hoja inayouongoza mwongozo huu ni moja. Hedhi yenyewe haimdhuru msichana mwenye afya. Madhara mengi yanayohusishwa nayo, yakiwemo kukosa masomo, michubuko na maambukizi ya ngozi, na fadhaa ya kuchafuka mbele za watu, hutokana na kufichwa kwake, kwa kuwa msichana anayelazimika kuficha hukosa wa kumuuliza, haziwekei siku zake hesabu, na hathubutu kuanika kitambaa chake juani. Ndiyo maana maelezo yanayofuata yanarudi mara kwa mara kwenye vitu viwili vinavyopatikana karibu kila nyumba, yaani kalenda ya ukutani na kamba ya kuanikia nguo.

Kinachotokea mwilini

Katika sehemu ya chini ya tumbo la msichana kuna ovari mbili, yaani viungo vidogo vinavyotunza mayai ya uzazi, na katikati yake kuna mfuko wa uzazi, ambao wengi huuita kizazi na vitabu vingine huuita mji wa mimba. Kwa umbo, mfuko huo unafanana na parachichi dogo lenye shingo, lililogeuzwa shingo ikawa chini. Shingo hiyo, iitwayo mlango wa kizazi, hufungukia ukeni, na kutoka sehemu ya juu huchomoza mirija miwili myembamba inayoelekea kwenye ovari. Msichana huzaliwa akiwa na mayai yake yote, lakini mayai hayo hukaa bila kukomaa mpaka umri wa balehe, wakati ubongo unapoanza kuziamsha ovari kwa homoni, yaani kemikali ambazo mwili huzitengeneza na kuzisafirisha kwa njia ya damu ili kiungo kimoja kipeleke maagizo kwa kingine.

Homoni mbili zinafaa kukumbukwa kwa majina. Estrojeni, inayoongezeka katika sehemu ya kwanza ya mzunguko, huufanya utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unenepe na kujaa mishipa ya damu. Yai moja likishakomaa na kuchopoka kutoka kwenye ovari, tendo linaloitwa upevushaji wa yai, homoni ya pili, projesteroni, huutunza utando huo ili uwe tayari kulipokea yai iwapo litarutubishwa na mbegu ya kiume. Yai lisiporutubishwa, kiwango cha homoni zote mbili hushuka, utando hukosa cha kuushikilia, nao humeguka na kutoka pamoja na damu. Damu hiyo ni ileile inayopita mkononi na usoni, ikiwa imechanganyika na utando na ute, na hupata harufu baada ya kukutana na hewa na bakteria nje ya mwili, kwa hiyo anayeiita damu chafu kwa kweli anaeleza hali ya kitambaa kilichokaa muda mrefu bila kubadilishwa.

Kiasi chake ni kidogo kuliko macho yanavyoambia: kwa wastani ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili hadi vitatu vya chakula, kwa siku zote za hedhi zikijumlishwa, na hata mililita 80 bado ni ndani ya mipaka ya kawaida. Inaweza kuanza ikiwa ya kahawia, ikawa nyekundu siku ya pili, kisha ikarudi kuwa ya kahawia inapokwisha, na vipande vidogo vya mabonge havipaswi kumtisha mtu.

Mwili hutoa taarifa mapema. Matiti huanza kuchomoza takriban miaka miwili kabla ya hedhi ya kwanza, nywele huota kwapani na sehemu za siri, na miezi kadhaa kabla ya damu kuonekana msichana huanza kuona ute mweupe au usio na rangi katika chupi, ambao si ugonjwa. Hedhi ya kwanza huja mara nyingi kati ya miaka 12 na 14, ingawa inaweza kuja katika umri wa miaka 9 au kuchelewa hadi 15 bila kuwa na kasoro yoyote, jambo linalowapa mama, shangazi au bibi muda wa kutosha wa kuzungumza na mtoto kabla, badala ya kusubiri alie chooni akidhani amejeruhiwa.

Kuhesabu siku

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza damu inapoonekana hadi siku moja kabla ya damu ya mwezi unaofuata. Vitabu hutaja siku 28, lakini huo ni wastani tu. Kwa mwanamke mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na kwa msichana aliye katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo unaweza kufika siku 45, mwezi mmoja ukawa mfupi na unaofuata mrefu, kwa sababu mawasiliano kati ya ubongo na ovari bado hayajatengemaa. Damu yenyewe hutoka kwa siku 2 hadi 7.

Namna rahisi ya kuweka hesabu ni kutumia kalenda ya ukutani, mfano wa zile zinazogawiwa na makanisa na maduka ya pembejeo mwishoni mwa mwaka, na kuweka nukta ya kalamu kwenye kila siku ambayo damu imetoka. Tuseme damu ilianza tarehe 3 Machi, ikaanza tena tarehe 31 Machi, kisha tarehe 2 Mei: mzunguko wa kwanza ni siku 28 na wa pili ni siku 32. Baada ya miezi sita ya nukta hizo msichana ataweza kukisia wiki ambayo hedhi itakuja, akaweka pedi mbili na chupi ya akiba ndani ya begi la shule, na hapo sehemu kubwa ya hofu huwa imeondoka. Asiyependa kaka zake waone anaweza kuandika tarehe nyuma ya daftari; lakini nyumba ambayo nukta za binti zinakaa ukutani bila mtu kuuliza swali la kukera imeshafanya kazi ambayo semina nyingi hazijaifanya.

Hesabu hiyohiyo inafundisha jambo la pili, ambalo halina budi kuelezwa waziwazi. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo katika mfano uliotolewa lilipevuka karibu na tarehe 17 Machi na tena karibu na tarehe 18 Aprili. Tatizo ni kwamba tarehe ya hedhi inayofuata hujulikana ikishafika, wala si kabla, na mbegu za kiume zinaweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku 5. Vijana wanaoambiana kwamba kuna "siku salama" wanategemea hesabu ambayo mwili wa msichana wa miaka 15 hauwezi kuitimiza. Zaidi ya hayo, yai la kwanza linaweza kupevuka kabla ya damu ya kwanza, hivyo msichana anaweza kupata mimba hata kabla hajaona hedhi hata mara moja.

Kitambaa, pedi na baridi ya Nyanda za Juu

Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Mbeya uko juu zaidi, takriban mita 1,700, na hali ya hewa ya nchi hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na afya ya msichana anayetumia kitambaa. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei kuna mvua. Juni, Julai na Agosti kuna baridi na ukungu, hasa Mufindi. Na Tukuyu, ambayo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ina wiki nzima ambazo shuka halikauki. Ushauri unaotolewa katika vipeperushi vingi, kwamba kitambaa kifuliwe na kuanikwa juani, uliandikwa kama vile jua la Dodoma liko kila mahali.

Kitambaa kinachofaa ni cha pamba, kwa kuwa pamba hunyonya na kupitisha hewa, na shuka la mitumba la pamba kutoka Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa likikatwa vizuri hutoa vitambaa vingi. Kinachoshonwa kama pedi huwa bora kuliko kilichokunjwa tu: vipande viwili vya nje hukatwa kwa umbo la pedi yenye mabawa, tabaka tatu au nne za taulo kuukuu huwekwa katikati, kingo hushonwa, na kishikizo kimoja huwekwa kwenye bawa ili kibane chini ya chupi kisitembee msichana anapopanda kilima kwenda shule. Rangi iliyokoza huchaguliwa kwa makusudi, kwa sababu doa halionekani juu yake na mwenye nacho haoni tabu kukianika. Vitambaa sita ni kiasi cha chini katika miezi ya kiangazi. Wakati wa baridi vinahitajika hata kumi.

Kitambaa hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6. Kilichotumika hulowekwa kwanza katika maji ya baridi, kwa kuwa maji ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi, kisha hufuliwa kwa sabuni ya kipande na kusuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Hatua inayofuata ndiyo inayoharibika mara nyingi. Msichana hukikunja kitambaa kibichi na kukisukuma chini ya godoro, au hukianika kamba ya ndani na kukifunika kwa kanga ili baba asikione. Kinakaa siku tatu, kinatoa harufu ya ukungu, naye hukivaa kikiwa na unyevu kwa sababu hana kingine. Unyevu huo hukwangua ngozi ya mapaja na kulea fangasi, na hapo ndipo muwasho anaodhani umeletwa na hedhi unapoanzia.

Siku isiyo na jua, kitambaa kilichofuliwa kizungushwe ndani ya taulo kavu na kukamuliwa kwa nguvu, kisha kianikwe barazani penye upepo, katikati ya nguo za familia, bila kufunikwa. Kikishakauka nusu, kipigwe pasi ya mkaa pande zote mbili mpaka kisitoe mvuke tena, kwa kuwa joto hilo hukausha unyevu uliobaki na kuua sehemu kubwa ya vijidudu. Pasi hiyo iwashwe na kutumiwa nje au penye madirisha wazi. Hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa, iitwayo kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na watu waliofunga mlango na jiko ndani ili wapate joto usiku wamekufa kwa namna hiyo. Katika shule za bweni, matroni anaweza kumaliza tatizo lote kwa kutenga kamba moja upande wa nyuma wa bweni, mahali penye jua na pasipopitwa na wageni.

Pedi za dukani, ambazo sheria na matangazo ya Tanzania huziita taulo za kike, huondoa kazi ya kufua lakini huongeza gharama. Msichana anayebadilisha mara nne kwa siku, kwa siku tano, hutumia pedi 20 kwa mwezi, na wasichana wawili katika nyumba moja ya mkulima wa viazi hufanya hesabu hiyo iwe mzigo wa kweli. Serikali iliwahi kujaribu kuupunguza: Julai 2018 iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike, lakini mwaka uliofuata aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Philip Mpango, alilieleza Bunge kwamba walaji hawakuona bei ikishuka, na kodi hiyo ikarudishwa, huku viwanda vipya vya taulo hizo vikipunguziwa kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Kenya, iliyoondoa kodi ya namna hiyo mwaka 2004, ilitunga mwaka 2017 sheria inayoitaka serikali kuwapa wanafunzi wa kike taulo bila malipo, na njia hiyo inaelekea kumfikia msichana maskini moja kwa moja zaidi kuliko nafuu inayopita kwanza mikononi mwa wafanyabiashara.

Kikombe cha hedhi, yaani kikombe laini cha silikoni kinachoingizwa ukeni kukinga damu, hudumu kwa miaka kadhaa na huweza kukaa hadi saa 12, lakini huhitaji mikono safi na sufuria ya kukichemshia. Tamponi, pamba iliyobanwa inayoingizwa ukeni, isizidi saa 8, kwa kuwa ikisahaulika inaweza kusababisha maambukizi ya hatari. Chochote kisichotengenezwa kwa kazi hiyo, iwe pamba ya kawaida, karatasi au kipande cha godoro, kisiingizwe kabisa, na uke hauhitaji sabuni wala manukato ndani. Maji safi kwa nje yanatosha. Pedi iliyotumika hufungwa katika karatasi na kutupwa kwenye pipa la kuchomea taka au choo cha shimo, kamwe isitupwe kwenye choo cha kuvuta maji.

Maumivu, chango na chai

Mfuko wa uzazi ni msuli, na ili utoe utando wake hujikaza chini ya amri ya kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo zikizidi, msichana huumwa tumbo la chini, kiuno na mapaja, na wengine hutapika au kuharisha. Katika mitaa mingi maumivu haya huitwa chango, nalo jina hilo limewafungulia wengi biashara ya mizizi na unga usiojulikana kipimo chake. Yanayosaidia ni mambo mepesi: chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga na kuwekwa tumboni, kutembea badala ya kujikunyata kitandani, na dawa ya ibuprofeni, ambayo hupunguza prostaglandini zenyewe, ikinywewa baada ya chakula na kwa kipimo alichoelekeza mfamasia, isipokuwa kwa mwenye vidonda vya tumbo. Kauli kwamba "ukizaa yataisha" haifai kutolewa kwa mtoto wa shule hata kwa nia njema, kwani humfundisha kuvumilia ugonjwa ambao ungetibika na kumwonyesha mimba kuwa dawa.

Damu inayopotea hubeba madini ya chuma, na mwili unaokua usiporudishiwa hupungukiwa damu, hali inayojitokeza kwa uchovu, kizunguzungu na kuhema kwa kazi ndogo. Chakula cha kuirudisha kipo: maharage, dagaa wa Ziwa Nyasa ambao wakazi wa Kyela huwaita usipa, mchicha, majani ya maboga, na nyama au maini inapowezekana, pamoja na pera, chungwa au nyanya mbichi, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Kuna jambo ambalo watu wa Mufindi na Rungwe, wanaolima chai na kuinywa asubuhi hadi jioni, wanapaswa kulijua: chai ikinywewa pamoja na mlo huzuia chuma kilichomo katika maharage na mboga kisifyonzwe. Hakuna haja ya kuiacha; inatosha kuisubirisha saa moja baada ya kula.

Mwali wa zamani na mwanafunzi wa leo

Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake kuhusu mila za ukoo za Wanyakyusa, kilichochapishwa mwaka 1957, jinsi msichana aliyevunja ungo alivyowekwa ndani akiwa na wasichana wenzake, na jinsi sherehe hizo zilivyofungamana na ndoa yake. Utaratibu huo ulikuwa na mambo mawili ambayo ni vema kuyatenganisha. La kwanza, kwamba damu ya kwanza ilihesabiwa kuwa mlango wa ndoa, halina nafasi tena: Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanasheria Rebeca Gyumi, ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mwili wa msichana wa miaka 13 unaotoa damu haujamaliza kukua, na nyonga zake bado ni nyembamba kwa kuzaa.

La pili, kwamba mwali hakuachwa peke yake, lilikuwa na hekima ambayo imepotea bila kupatiwa mbadala. Shule imechukua miaka ambayo zamani ilikuwa ya unyago, lakini haikuchukua kazi ya kungwi. Na shangazi, ambaye ndiye angemfunda binti, mara nyingi yuko Dar es Salaam. Vitabu vinaweza kusaidia, kikiwemo Vipindi vya Maisha, kilichoandaliwa na mtafiti Marni Sommer wa Chuo Kikuu cha Columbia kutokana na maelezo ya wasichana wa Tanzania wenyewe, lakini kitabu hakimshiki mtoto mkono.

Miiko nayo inahitaji kupimwa. Katika jamii kadhaa za Tanzania msichana aliye mwezini huambiwa asipite kwenye bustani ya mboga kwa kuwa itanyauka, au asitie chumvi kwenye chakula. Msomaji anayetaka kujiridhisha na aangalie mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, ambako wanawake huchuma majani kila siku bila kuulizwa wako katika siku zipi, na michai huendelea kuchipua. Kanuni za dini ni jambo jingine: Mwislamu aliye katika hedhi hupumzishwa sala na saumu, na hulipa baadaye siku za Ramadhani alizokula, na hilo halimaanishi kwamba mtu mwenyewe ni najisi wa kutoguswa.

Kuna hatari ambayo wazazi wa mikoa hii hawawezi kuinyamazia. Msichana anayekosa fedha ya pedi huweza kuipokea kutoka kwa mwanamume atakayetaka malipo, katika eneo ambalo utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya miongoni mwa watu wazima. Baba anayeona aibu kununua pakiti ya pedi gengeni akirudi kutoka shambani na aipime aibu hiyo dhidi ya tarakimu hizo.

Mvulana, mwalimu na mlango wa choo

Asubuhi ya Julai, wanafunzi wote wakiwa wamejikunyata ndani ya masweta, mmoja anaonekana amelivua lake na kulifunga kiunoni, mikono ikiwa imesimama vipele kwa baridi. Darasa zima linajua maana yake. Mvulana anayecheka wakati huo hujiunga na kundi. Mvulana anayevua sweta lake na kumpa mwenzake ajifunike mabega, kisha akaendelea na daftari lake bila neno, hubadilisha darasa hilo kwa mwaka mzima. Wavulana hufundishika kwa urahisi wakielezwa mapema, kwa maneno yaleyale yanayotumiwa kwa wasichana na katika chumba kilekile, na mwenye dada au binamu nyumbani anaweza kuanza kwa kumchotea maji bila kuuliza ni ya nini.

Kwa upande wa shule, kiwango kinachotumika Tanzania ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, lakini idadi ya matundu haielezi kila kitu. Mzazi anayehudhuria kikao cha shule anaweza kuomba aonyeshwe choo cha wasichana na kukagua mambo machache kwa macho yake: kama mlango una komeo la ndani, kama kuna ndoo ya maji yenye kopo ndani au jirani kabisa, kama kuna pipa lenye mfuniko, na kama kuna chumba cha kujisitiri ambacho hakijageuzwa stoo ya majembe. Komeo ni jambo dogo kwa fundi, lakini msichana asiye na komeo hushikilia mlango kwa mkono mmoja na kubadilisha kitambaa kwa mkono mwingine, na wengi huona heri wabaki nyumbani.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Zipo hali ambazo hazipaswi kusubiri. Msichana aliyetimiza miaka 15 bila kuona hedhi, au aliyepita miaka mitatu tangu matiti yaanze bila kuiona, apelekwe akapimwe. Vivyo hivyo anayeumwa tumbo kila mwezi ilhali damu haitoki, kwa sababu wapo wachache ambao kizinda chao kimeziba njia yote na damu hukusanyika ndani, tatizo linaloondolewa kwa upasuaji mdogo. Apelekwe pia anayelowesha pedi nzima kila baada ya saa moja au mbili, anayetokwa damu zaidi ya siku 7, anayekaa zaidi ya siku 90 kati ya hedhi moja na nyingine, na anayeumwa kiasi cha kukosa shule mwezi baada ya mwezi hata baada ya kunywa dawa. Damu nyingi tangu hedhi ya kwanza inaweza kuashiria kwamba damu haigandi vizuri, na maumivu makali yasiyotulia yanaweza kuwa endometriosi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa kizazi huota nje ya kizazi. Homa, au ute wenye harufu kali na rangi ya kijani, ni dalili ya maambukizi, na msichana aliyebakwa aende siku hiyohiyo, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia VVU na mimba.

Pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hasa chenye huduma rafiki kwa vijana, yaani huduma zinazotolewa kwa faragha na kwa lugha isiyomhukumu kijana. Tatizo likizidi uwezo wake, mgonjwa hupewa rufaa, na kwa mikoa hii safari hiyo huweza kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo huduma zake za wazazi ziko Meta. Msichana ana haki ya kuomba ahudumiwe na mwanamke na kuingia na mama au dada yake. Swali la kwanza la muuguzi litakuwa lini hedhi ya mwisho ilianza, la pili litakuwa ilidumu siku ngapi, na la tatu ni pedi au vitambaa vingapi vilitumika kwa siku. Kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani ile kalenda ishushwe ukutani, ikunjwe, na kutiwa kwenye mkoba pamoja na kadi ya kliniki.